Naombeni ushauri: mwanangu aende chuo kikuu, au asomee sauti na taa hapa Bagamoyo?

Mama wa Dunda
Ndugu wanajamvi, assalaam aleikum. Kijana wangu amemaliza kidato cha sita na ufaulu wake unamruhusu kuomba shahada. Baba yake anataka aende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Sanaa Bunifu. Mwenyewe anang'ang'ania TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, asomee sauti na taa za jukwaa. Mimi nilikuwa upande wa baba yake mpaka kwenye harusi moja mwezi uliopita, ambapo maiki ya mwimbaji ilianza kupiga yowe wakati fundi ameenda kula, na mwanangu akanyoosha mkono, akateremsha kitufe kimoja tu kati ya vile vingi, ukumbi ukatulia. Nilipomuuliza amejuaje, alinijibu kwamba kila yowe lina kimo chake, na lile alishalitambua. Tangu siku hiyo sina raha na uamuzi wetu.

Mwalimu mstaafu
Shikamooni wakubwa. Dada yangu, mimi namuunga mkono mzee. Anayetaka kufundisha au kuajiriwa serikalini kwa ngazi ya ofisa ataulizwa shahada, na mikopo ya Bodi imewalenga zaidi wanafunzi wa shahada. Hilo la ada lipigieni hesabu kabla ya kuamua.

Fundi wa jukwaa
Mama, shikamoo. Hoja ya mwalimu kuhusu ada ni ya kweli, lakini kwa fani aliyoitaja kijana naona mpangilio ugeuzwe: aanze na stashahada ya TaSUBa, shahada ifuate. Hiyo TaSUBa ilianzishwa mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa na kikawa wakala wa serikali mwaka 2007, na bado wengi wanakidhania ni mahali pa ngoma na sarakasi pekee. Mimi nilijifunza kazi hii kwa kupanda ngazi usiku wa kuamkia onyesho, nikafunga taa moja baada ya nyingine, na aliyekuwa akinisimamia alinikataza kushuka hadi kila taa iwe na mnyororo wake wa usalama, maana kibano kinachoshika taa kikilegea, chini yake kuna wachezaji. Jambo la namna hiyo haliingii kichwani kwa kusikiliza mhadhara. Mkono lazima urudie mara nyingi, na mwenye umri wa kijana wako huo ndio wakati wake.

Shahada haitamkimbia. Akipata stashahada yenye wastani mzuri, kwa kawaida kuanzia 3.0, anaweza kuomba chuo kikuu kwa sifa hiyo. Na aje aombe kweli, kwa sababu mimi nilipoanza kujitegemea niliumia kwenye mikataba: niliweka saini karatasi isiyosema nani analipa spika ikiungua, nikalipa mwenyewe.

Mama wa Dunda
Nashukuru sana, mwanangu. Mzee amesoma hapa mara mbili akanyamaza, kisha akauliza kama hiyo stashahada inatambuliwa kweli.

Fundi wa jukwaa
Aulize hapohapo chuoni ngazi ya tuzo na usajili wa kozi yenyewe kwa NACTVET, lile baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, aonyeshwe kwa maandishi. Na aombe kuiona meza ya sauti wanayofundishia, yaani ile mixer yenye vitufe vingi, kijana akiwa naye.

Mama wa Dunda
Jumatatu asubuhi wanakwenda wote wawili. Nimemwambia kijana asiseme mengi, aiache meza imwonyeshe baba yake.