Mtoto wa Marangu naambiwa NILINDE MABEGI!!!

Wakuu, leo sina hata salamu. Niko kwenye basi la kurudi Granada, Hispania, soksi zimelowa, vidole vinatetemeka, na yeye, kiongozi wetu wa matembezi, kakaa siti ya tatu nyuma ya dereva, kalala mdomo wazi. Fimbo zake mbili za kupandia mlima kazikalisha siti ya pembeni kama zimelipa nauli.

Simtaji jina. Mnamjua. Kofia yenye kamba ya kidevu, saa kubwa kama kifuniko cha sufuria. Yule ambaye akipanda ngazi za ghorofani kwake lazima atutumie ramani.

Kisa chenyewe. Tulikuwa tisa, asubuhi tukapanda basi mpaka Pampaneira, kule Alpujarra, mgongo wa kusini wa milima ya Sierra Nevada. Mpango ni kwenda kwa mguu Pampaneira, Bubión, Capileira. Vijiji vitatu vimepangwa kwenye ukingo wa bonde la Poqueira kama vyungu kwenye kichanja. Cha chini kiko mita elfu moja na kitu, cha juu mita 1,436. Nyumba nyeupe, paa bapa za udongo wa kijivu, bomba za moshi zimevaa kofia za mawe. Ukisimama cha kwanza unaviona vile viwili juu ya kichwa chako, unajiambia aah, dakika ishirini. Hapo ndipo mlima unapokupatia.

Tukafika kwenye ile chemchemi ya San Antonio, ile yenye maandishi kwamba mseja akinywa maji yake kwa nia ya kuoa, mchumba anapatikana. Ikumbukeni hiyo chemchemi.

Mimi nikatoa wazo. Wazo tu, jamani! Nikasema tusikimbilie kupanda wima, tutafute mifereji ya zamani, ile ya tangu enzi za Waislamu wa Andalusia. Maji hayapandi kilima, kwa hiyo aliyechimba mfereji alizungusha mlima taratibu, na wewe ukifuata kingo zake unatembea kama uko sebuleni. Ni mifongo ya kwetu Uchagani hii hii. Nimezaliwa pembeni ya mfongo, nimeoshwa kwenye mfongo, nimechapwa kwa sababu ya mfongo.

Bwana kofia akaniangalia. Akaanzia nywele, akashuka, akafika tumboni akapiga kambi. Kisha akasema, mbele ya watu saba na Mhispania mmoja mwenye mbwa:

"Kaka, wewe baki hapa ulinde mabegi."

Nilinde mabegi.

Mimi. Ambaye dirisha la chumba cha marehemu babu linaangalia Kilimanjaro. Mita 5,895 nikizitazama huku nakunywa uji. Nilinde mabegi! Nayalinda dhidi ya nani? Kijiji cha watu kama mia tatu na paka elfu nne. Saa nane mchana maduka yakafungwa, watu wakaenda kulala, nikabaki mimi, mabegi tisa na yule mbwa. Mbwa naye baadaye akaondoka. Hata mbwa aliona hakuna kazi ya kulinda pale.

Kikongwe mmoja mwenye fimbo moja, sio mbili, MOJA, alinipita anapanda, akanipita anashuka, akanipita tena anapanda na kabichi.

Na kuna mtu, naye namjua, alinipiga picha nimekaa chini ya yale maandishi ya chemchemi nimezungukwa na mabegi, akairusha kwenye kundi. Mke wangu yumo kwenye kundi. Mke wangu anasoma Kihispania vizuri kuliko mimi.

Wamerudi saa moja kasoro, matope mpaka magotini. Nikangoja pole. Unajua alichosema? "Chupa yangu ya maji iko wapi?"

Linda mabegi. Nitakufa nalo hili.

---

Turubai_Tayari: Nimeshaweka mkeka hapa. Mwenye karanga apitishe huku.

Mnyalukolo_Sevilla: Pole sana mkuu. Swali dogo tu: yale maji uliyanywa au hukuyanywa?

Mleta uzi: Nilikuwa na kiu.

Mnyalukolo_Sevilla: Saa nane mpaka saa moja kasoro, yaani masaa matano kasoro kidogo, na kiu. Shemeji apewe kiti, mengine ataendelea nayo mwenyewe.

Ndizi_Ng'ombe: Mimi pia wa Marangu na huyu bwana namfahamu tangu kaptula. Kutoka Marangu Mtoni mpaka kwao alikuwa anachukua bodaboda, tena anamwambia dereva apunguze mwendo kwenye kona. Mfongo aliuruka mara moja tu kwenye maisha yake. Alitua katikati. Ng'ombe wakasubiri atoke ndio wanywe.

Mleta uzi: Ilikuwa masika, kingo zilikuwa zinateleza.

Dada_wa_Nyuma: Jamani mimi nilikuwepo, na picha niliipiga mimi. Kwanza hakusema "linda mabegi". Alisema "kaka, pumzika kidogo, ukiweza tuangalizie na mabegi". Pili, wakati anasema hayo ulikuwa umeshavua viatu.

Mleta uzi: Kiatu KIMOJA. Kulikuwa na kokoto.

Dada_wa_Nyuma: Kokoto ya tangu kituo cha basi. Ila kwa haki ya Mungu, huko juu tulikiona. Kule njia zimechorwa rangi kwenye mawe: nyeupe na nyekundu ni njia ndefu, nyeupe na njano ni fupi, na zikichorwa msalaba maana yake sio huku. Sasa tumeshapita Bubión tukakuta jiwe lina msalaba mkubwa, hata mtoto wa chekechea angesimama. Kiongozi wetu akaugonga na fimbo, akasema "hii ndiyo alama ya makutano". Tukateremka. Tukateremka tena. Tukapita uwanja wa duara wa kupuria nafaka, mawe yamepangwa vizuri mpaka unaona huruma kuyakanyaga, tukapita banda halina paa, tukajikuta mtoni chini kabisa kwenye daraja, Capileira iko juu kule kama mwezi. Akatazama saa yake, akasema "tumefika mapema kuliko nilivyotarajia". Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikaa kwenye jiwe akaanza kumpigia dada yake Dodoma.

Mleta uzi: Mnaona? MNAONA? Nilisema tufuate mfereji!

Turubai_Tayari: Ungesemea na viatu mguuni mkuu.

Binti_Likoni: Ndugu yangu, wewe walilia mabegi, mie nalia njaa. Mwaka jana nilikwenda na huyo huyo hadi Trevélez. Kijiji kiko mita 1,476, baridi kavu, na baridi hiyo ndiyo wakaushiayo mapaja ya nguruwe. Waingia mkahawani, mapaja yaning'inia juu ya kichwa chako kama taa za arusi. Haya, nikaagiza sahani ya kwao wanayoisifu. Yaja viazi vya kukaanga na pilipili hoho, yai, na juu yake soseji ya damu, soseji nyekundu na kipande cha paja. Nikasema tafadhali, niondolee hivyo vyote. Wakaniachia viazi na yai, bei ile ile. Na bwana kofia kanyoosha uma wake, "usijali mdogo wangu, hivyo nitakusaidia." Kanisaidia! Kwa pesa yangu! Na nchi yenyewe ilikuwa ya Waislamu, jamani.

Mwalimu_wa_Jioni: Kweli kabisa. Waliobaki walilazimishwa ubatizo, wakaasi mwaka 1568, na vita vilipokwisha wakahamishwa kwa nguvu. Wakaletwa walowezi kutoka kaskazini, Galicia na León. Lakini maneno yao ya Kiarabu hayakuhama. Zeituni wanaita aceituna. Birika la maji ya shamba wanaita alberca. Meya wao ni alcalde, yaani kadhi. "Hata" yetu wao wanasema hasta. Hata Mulhacén, kilele kirefu kuliko vyote pale, mita 3,479, ni Mulay Hassan, baba yake mfalme wa mwisho wa Granada.

Ndizi_Ng'ombe: Mwalimu, tulikuwa kwenye mabegi.

Mwalimu_wa_Jioni: Begi la mgongoni ni mochila. Hilo halina Kiarabu, samahani.

Mgongo_Umekatika: Nyie mnadeka na Hispania yenu. Mimi niko La Spezia, Italia. Shemeji yangu alitutembelea, akasema tukamwonyeshe Corniglia, "kijiji cha pwani". Cinque Terre ni vijiji vitano, vinne vimekaa chini kwenye maji kistaarabu, Corniglia chenyewe kimepanda juu ya jabali. Kutoka stesheni ya treni ni ngazi zaidi ya 370. Shemeji alikuja na sanduku la magurudumu. Nani alibeba? Mimi, na mtoto mgongoni. Angekuwepo mtu chini wa kulinda mabegi ningempa euro ishirini na soda.

Mleta uzi: Mkuu hiyo dongo nimeiona.

Mgongo_Umekatika: Na ile Njia ya Mapenzi ya hapo hapo, kutoka Riomaggiore kwenda Manarola, ilifungwa 2012 baada ya mawe kuporomoka na kuumiza watalii. Nilimwahidi mke wangu tutapita tukiwa wachumba. Tumeoana, tumezaa wawili, bado imefungwa. Wamekuja kuifungua 2024, mke wangu anasema magoti yanamuuma.

Mnyalukolo_Sevilla: Angekunywa maji ya Pampaneira.

Binti_Likoni: Hakuna aliyenijibu kuhusu pesa yangu ya soseji.

Duka_la_Begani: Samahani kuingilia, wakuu. Nina viatu vya kupandia mlima namba 43, vimevaliwa mara mbili, soli ngumu, maji hayaingii. Niko Málaga. Euro 40, maongezi yapo.

Ndizi_Ng'ombe: Vimevaliwa mara mbili na nani, na alirudi?

Duka_la_Begani: Alirudi. Ndio maana anauza.

Dada_wa_Nyuma: Kama kuna anayenunua anunue mapema. Kiongozi ameshabandika tangazo kwenye kundi, Jumamosi baada ya ijayo tunarudia njia ile ile tuifike Capileira kweli. Anasema safari hii tutafuata mfereji, ni wazo lake alilolipata juzi usiku.

Turubai_Tayari: Wazo LAKE. Mleta uzi yuko wapi? Mleta uzi toka huko.

Binti_Likoni: Mie siji mpaka nirudishiwe soseji.

Mwalimu_wa_Jioni: Mfereji wanaita acequia, kutoka Kiarabu as-saqiya...

Mgongo_Umekatika: Mwalimu, tafadhali.

Mleta uzi: @Duka_la_Begani hiyo namba 43 inabana vidoleni au iko huru kidogo? Na kuna mtu anajua basi la hiyo Jumamosi linaondoka saa ngapi?