Nipige wimbo wa ming'oko harusini wakati mchambuzi mwenyewe atakuwepo ukumbini?

DijeiChuno:
Wadau habari za saa hizi, hasa wa Mtwara na Lindi mana nyie ndo mnaujua huu mgogoro vizuri. Mi napiga mziki kwenye shughuli, harusi, sendofu, mkole, chochote kinacholipa. Jumamosi hii nina harusi Shangani, mashangazi wa bibi harusi wamenitumia listi ya nyimbo wanazotaka na ya kwanza kabisa wameandika kwa herufi kubwa WIMBO WA MING'OKO UPIGWE MARA MBILI. Sasa shida ni kwamba bwana harusi ni mtoto wa mama mkubwa wa yule mchambuzi, yaani kwa kwetu huyo ni kaka yake kabisa, na mchambuzi mwenyewe yumo kwenye kamati, tena ndo kashika mfuko wa kunilipa mimi!!

Kwa asiyejua, kuna jamaa YouTube anachambua nyimbo za wasanii wa kusini, haonyeshi sura anaweka picha ya sahani ya ming'oko tu, ile mizizi ya porini tunayochemsha na kula, sauti yake ya pole kama mtu kaamshwa usingizini, na maksi anatoa kwa ming'oko kumi ila sijawahi kuona mtu kavuka sita. Wimbo wa kwanza wa yule dada yetu wa taarab aliupa mng'oko mmoja akasema "na huu mmoja umeoza", alafu akaongeza kwamba dada kaimba vizuri sana hasa pale aliponyamaza. Watu tulicheka, tusidanganyane. Dada akakaa kimya weee, tukajua yameisha, kumbe yuko studio. Akatoa huu wa sasa, taarab ila biti inakimbia kama singeli, kiitikio ndo hicho watoto wote wanaimba, "mng'oko hauchimbwi kwa mdomo, shika jembe baba tukuone". Vesi la pili anamuigiza ile sauti yake ya usingizi anatoa maksi kwa kila kitu, chai, jua, mpaka mawimbi ya bahari anayapa nne. Vesi la tatu ndo anaingia kwake sasa, anaishi kwa mama, hana mke, shati analovaa, mpaka mtaa karibu autaje.

Maswali yangu mawili, nipige au nisipige? Na nyie mnaonaje kiukweli, ile ni kejeli ya kisanii au ni matusi yaliyowekewa kinanda?

Korosho_Ghafi:
Piga bwana, acha uoga. Huyo jamaa kawasema watu wangapi huku kusini, vijana wa Masasi walijichanga hela zao za korosho wakaenda kurekodi, yeye kwa dakika kumi anawamaliza na kicheko juu. Leo kaguswa yeye kila mtu anajifanya ana huruma. Aliyezoea kupaka na yeye apakwe. Na huo mstari wa ming'oko ni mkali kuliko watu wanavyodhani, mtu aliyewahi kuchimba anajua, unainama porini kiangazi udongo mgumu, mzizi wenyewe mwembamba ukiuvuta kwa pupa unakatika unabaki na kipande. Yeye anaukuta sahanini umechemshwa anauhesabu. Hapo dada kamaliza kila kitu, hata asingeongeza neno.

Mtwara_Kuchele:
Sasa si ndo hapo, ASINGEONGEZA. Mi ni shabiki wa mchambuzi na sifichi, lakini vesi mbili za kwanza nilicheka mpaka nikamtumia rafiki yangu Lindi. Tatizo lenu mnasahau jamaa alisema nini kwenye ile video. Ukiondoa mzaha alitaja vitu vya maana, kwamba kinanda kimepigwa sauti ileile ya kiwandani kila wimbo, kwamba kiitikio kimerudiwa mpaka kinachosha, na kwamba autotyuni, ile programu ya kunyoosha sauti, imemmeza mtu ambaye ana sauti nzuri bila hiyo autotyuni. Hiyo ya mwisho ni sifa mkuu! Alimsifia ila mkasikia kejeli tu. Na ukisikiliza huu wimbo mpya utaona autotyuni imepungua na kuna mtu anapiga fidla ya ukweli. Yani kamsikiliza, alafu kamtukana. Hana mke, anaishi kwa mama, hivo vinahusiana nini na fidla?

Korosho_Ghafi:
Mkuu ukisema mtu kaimba vizuri aliponyamaza unategemea akuletee zawadi?

Mtwara_Kuchele:
Nategemea aniambie mimi sijui mziki. Siyo aniambie shati langu limepauka.

mzee_wa_pwani:
Vijana nawasalimu. Mnabishana kitu ambacho wazee wetu walishakiwekea taratibu zake. Zama za ngoma ya beni kulikuwa na Arinoti na Marini, makundi mawili yanashindana kuanzia Tanga, Dar es Salaam mpaka hapa Lindi, Marini wakijiona wao ndio watu wa hadhi, na nyimbo za kusemana zilikuwa ndio sehemu ya shindano, hakuna aliyekwenda kule kusifiwa. Baadaye miaka ya tisini nyie wengine mlikuwa mnanyonya, Khadija Kopa yuko TOT na Nasma Khamis yuko Muungano, makundi mawili ya taarab, mipasho inaruka kutoka jukwaa moja kwenda jingine, mtu anatoka kazini anawahi ukumbini kusikia leo nani kajibiwa. Makundi yote mawili yalijaza kumbi, nani alipata hasara?

Lakini mpasho una sharti lake, haumtaji mtu. Unasema fumbo unaliacha hapo, atakayenyanyuka kulalamika ndiye mwenyewe, kajitaja kwa mdomo wake. Hata kwenye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, linaweza kumwigiza mwenyekiti wa kijiji, mwendo wake na tumbo lake, watu wakaanguka kwa kicheko na mwenyekiti akiwa hapohapo, akicheka na yeye. Akikasirika ndiyo kaisha. Na Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar wa zamani, walimsimanga sura yake na asili yake ya shamba, akajibu kwa wimbo kwamba sura na ukoo si kitu kama kichwani hamna kitu, na wimbo huo mpaka leo watu wanautaja wakati waliomsimanga hakuna anayewajua majina. Huyu binti yetu ubeti wa kwanza na wa pili kafuata njia hiyo. Ubeti wa tatu kaanika nguo za mtu barabarani.

Namungo_damu:
mzee umemaliza 😂😂 ila DijeiChuno wewe usijifanye unauliza sanaa, unauliza kama utalipwa hela yako

DijeiChuno:
Navyo vyote viwili ndugu yangu 😂 spika nimekodi

fundi_mitambo:
Mi nafanya kazi za kurekodi na kupandisha nyimbo za watu mtandaoni, niwaambie kitu ambacho hamkigusi. Wimbo ulipotoka jamaa alifanya video ya kujibu, akapiga kipande kidogo cha wimbo alafu akakichambua vesi kwa vesi, na nawaambia ile ndo ilikuwa video yake bora, ALIUPA MING'OKO SABA. Wengi wenu hamjaiona, mnajua kwanini? Kwa sababu upande wa dada walipeleka malalamiko ya hakimiliki ikashushwa. Na YouTube ukishushiwa video hivo unapata straiki, yaani onyo, moja inakaa siku 90, zikifika tatu ndani ya muda huo kituo chako kinafungwa chote na video zako zote zinaondoka. Sasa mpasho gani huo, unamwambia mtu shika jembe alafu akilishika unamnyang'anya? Wale wa TOT na Muungano aliyejibiwa alikuwa anarudi jukwaani kesho yake na wimbo wake, hakuna aliyekata umeme wa ukumbi wa mwenzake.

Na wale wanaosema huko mtandaoni kwamba wimbo unapendwa kwa sababu hauna dole gumba la chini, hayo madole hayaonekani kwa watu tangu Novemba 2021, anayaona mwenye akaunti peke yake. Angalia komenti. Nusu wanamsema dada, nusu jamaa, na kila komenti moja hata ya matusi inausogeza wimbo mbele. Dada analipwa na wote wawili.

Mtwara_Kuchele:
Saba?? Sikujua hii. Kwa hiyo rekodi ya maksi ya kituo chake inashikiliwa na wimbo unaomtukana yeye na video yenyewe haipo hewani. Basi tena.

Korosho_Ghafi:
Ok hapo kwenye straiki siwatetei, hiyo ni njaa ya meneja siyo dada. Ila kumbukeni na yeye jamaa anaishi kwa nyimbo za watu, anapiga kipande anapata watazamaji, mwenye wimbo hapati kitu. Hilo nalo mliangalie.

fundi_mitambo:
Kuna njia ya kuchukua mapato ya video bila kuishusha, wangetumia hiyo wangekula wote. Walichagua kushusha. Mi nimemaliza.

BintiMikindani:
Nyie wanaume mnaongea YouTube YouTube, kwani mashangazi wanaotaka huo wimbo wanamjua mchambuzi? Ngoja niwaambie unavyochezwa kwenye shughuli zetu mana huku Mikindani umeshapigwa sana. Kiitikio kikianza hakuna anayemfikiria huyo kaka. Mtu anachomoa noti anainuka anaenda kutunza, anacheza polepole mpaka mbele ya wifi yake, akifika "shika jembe baba tukuone" neno baba anaruka anaweka wifi, na kidole kinanyooka. Wifi naye haketi, anatafuta noti kubwa zaidi anarudisha. Jirani aliyekopa vijora hajalipa naye atapata lake. Wimbo ukishafika ukumbini ni wa mwenye noti, aliyeutunga hana mamlaka nao tena wala aliyetungiwa.

Vesi la pili la maksi ndo tamu kupita kiasi, kila mtu ana ndugu wa hivo, umepika pilau ya watu mia anakuja kukwambia chumvi imepungua naye hata kitunguu hajamenya. Sasa vesi la tatu likiingia mnaona kinachotokea? Watu wanakaa. Watunzaji wanarudi kwenye viti wanakunywa soda. Siyo kwamba wana huruma na mtu, ni kwamba haliwafai, utamwambiaje wifi yako hana mke? Shati lile ni la mtu mmoja tu Mtwara nzima, wewe utalitumia wapi. Mi kwa hilo tu nasema vesi la tatu ni bovu, halina wa kulivaa.

Namungo_damu:
dada huyu kachambua kuliko mchambuzi, mpeni ming'oko tisa

mzee_wa_pwani:
Bintiye, hilo la mwisho mimi umri wote huu sikuwahi kulisema vizuri hivyo. Ahsante.

Mtwara_Kuchele:
Kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anasema jamaa aende polisi, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015. Sijui hata anataka washtakiwe kwa lipi, kuigiza sauti? Akienda tu ndo itakuwa vesi la nne.

BintiMikindani:
DijeiChuno turudi kwako. Ushaongea na mjomba wa bwana harusi? Usiende kwa mchambuzi, usiende kwa kamati, kwa kwetu mwenye watoto ni mjomba. Akisema pigwe hakuna wa kukunyima hela, akisema usipigwe mashangazi watamsema yeye siyo wewe. Na usithubutu kuufuta kimyakimya mana wale wakikuona hujaupiga watauimba kwa mdomo na masinia, hapo ndo vesi la tatu litaimbwa mara tano.

Korosho_Ghafi:
Hahaha masinia hayana programu ya kukatia wimbo

DijeiChuno:
Narudi na majibu. Mjomba nimempata, anakaa Naliendele, nimemfuata hukohuko. Nimempigia wimbo kwenye simu akausikiliza wote kimya, nikasema leo nimekwisha. Akaniuliza hii sauti ya usingizi ni ya mpwa wangu? Nikasema ndiyo mjomba. Akacheka mpaka akakohoa, akasema tangu mdogo yuko hivohivo, alikuwa anaitolea kasoro mboga ya bibi yake. Ila lilipofika la tatu akaacha kucheka, akasema hapa pana jina la dada yangu ndani yake hata kama halijatajwa, mtoto kuishi kwa mama yake siyo aibu ya mama yake, hapa ukate. Ndo nikaelewa kwanini mashangazi upande wa pili wanautaka sana, kuna maneno yao ya mahari humo.

Kwa hiyo naupiga, vesi la kwanza, la pili, narudisha kiitikio, narudisha la pili tena, nafunga. Mara mbili kama walivyoandika. Mchambuzi nimemtumia ujumbe kumwambia mapema asije akashtukia ukumbini, kanijibu neno moja tu, "biti isizidi sauti". Sijui kakasirika au ndo kazi yake.

Mtwara_Kuchele:
Hapo keshaanza kutoa maksi 😂😂

fundi_mitambo:
Nikukatie hiyo vasheni bure, nitumie faili zima siyo la kurekodi na simu. Pale mwisho wa vesi la pili kuna pigo la ngoma kabla ya fidla kuingia, ukikata hapo hakuna atakayesikia kama pana kipande kimetoka.

BintiMikindani:
Na beba maiki ya pili, lazima shangazi mmoja atataka kuitikia mwenyewe na hiyo yako ya kwanza hutaiona tena mpaka saa sita usiku.