Miaka 46, fundi wa kuchomelea, sina cheti. Nimepata kazi Dubai, naombeni ushauri

Fundi_Igogo
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uelewa, maana nimefika mahali sijui nisonge au nirudi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwanza. Elimu yangu darasa la saba, kazi nilijifunzia gereji na ndiyo inayolisha nyumba yangu mpaka leo: mageti, matangi, chesisi za matrela, fremu za majokofu ya samaki. Umri wangu 46. Sasa nimepata kampuni Dubai, karakana ya boti. Mshahara dirhamu 4,500, chakula na malazi juu yao. Nauliza mawili tu. Umri huu hautanikwamisha? Na je, nitafute kwanza cheti cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) au niende na ujuzi wangu, cheti nikatafute hukohuko? Safari ni mwisho wa mwezi. Matusi sitaki, mawazo niliyonayo yananitosha.

Mwana_Mwaloni
Mzee wangu, kwa umri huo ningekushauri ubaki. Ziwa unalo hapo mlangoni. Watu wanafuga sato kwenye vizimba, na fremu za vizimba hazijisuki zenyewe, zinahitaji mtu kama wewe. Bomba la duara linalokaa majini linataka mshono usiovuja hata tone, na mafundi wa namna hiyo ni wachache pwani yote hii mpaka Sengerema. Watoto wanamhitaji baba nyumbani kuliko pesa za kutumiwa kwa simu.

Nyakato_DC
Mwana_Mwaloni, kauliza la cheti, hajauliza la vizimba.

Fundi, umri acha kuuwaza. Kwenye karakana wanakupima kwa kuchomelea mbele yao. Kwanza waulize boti zao ni za chuma au za aluminiamu. Kama ni aluminiamu, utapewa TIG au MIG, mashine zinazochomelea kwa gesi ya kukinga, na rodi za mtaani hazitakusaidia kitu. Kama ni chuma, tegemea mtihani wa 3G na 4G: pleti ya wima na pleti ya juu ya kichwa. Bomba lililolala nyuzi 45, yaani 6G, lina malipo yake tofauti.

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Mitaani tunatumia rodi ya 6013 kwenye mashine ya koili iliyosukwa mtaani, ya AC, nao watakupa 7018 kwenye DC (umeme wa mkondo mmoja), koleo la rodi likiwa chanya. Hiyo rodi huilazimishi kama 6013. Unaibana karibu kabisa na chuma, kwenye wima unapanda kutoka chini kwenda juu, na kwa rodi ya milimita 3.2 moto unaanzia kama ampea 95, haupiti sana 115. Pleti ya milimita 10 au 12 inachongwa nyuzi 30 kila upande na kuachwa nafasi ya karibu milimita 3. Mshono wa kwanza wa chini ndio unaokuhukumu. Usipopenya upande wa pili, huwezi kuuficha kwa kupaka juu, kwa sababu watakata vipande, watavikunja nyuzi 180, na ufa ukifunguka zaidi ya milimita 3 umefeli. Rodi yenyewe ikikaa kwenye unyevu inabeba hidrojeni, na chuma kinapasuka baada ya kupoa wakati wewe umeshaondoka ukijisifu. Ndiyo maana wanaioka upya nyuzi 300 na zaidi, kisha wanaitunza kwenye oveni yenye joto.

Cheti: VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unajaza fomu, wanakupima ukiwa kazini, pale ulipopungua wanakupa mafunzo mafupi, kisha unafanya mtihani. Nenda chuo cha Nyakato uulize kama fani yako imo kwenye awamu inayofunguliwa. Haiishi kwa wiki mbili, lakini si shule ya miaka.

Fundi_Igogo
Nyakato_DC ubarikiwe sana. 7018 nimewahi kuishika mara chache, DC sina. Nitatafuta mahali nifanye mazoezi.

Bandari_Kusini
Mkuu, viza yako ni ya aina gani? Na nani kalipia?

Fundi_Igogo
Hayo wakala anayashughulikia. Mimi shida yangu ni cheti.

Bandari_Kusini
Nakuuliza tena kwa heshima. Kwenye karatasi ya viza pameandikwa nini?

Fundi_Igogo
Ni ya matembezi, siku 60. Wakala amesema nikifika kampuni wananibadilishia. Watu wengi wanaenda hivyo, siyo mimi wa kwanza. Gharama zote ni milioni 5, nimeshalipa milioni 3 na laki 8: pasipoti laki 6, vipimo vya afya vya nchi za Ghuba laki 3 na nusu, nyingine viza, tiketi na usimamizi. Pasipoti anayo yeye kwa ajili ya kugonga viza. Naomba msinitishe, nimeshafanya maamuzi, natafuta tu namna ya kujipanga.

Bandari_Kusini
Sikutishi. Nakupa mambo yalivyo.

Pasipoti ya kawaida serikalini ni shilingi 150,000, iwe umeifuata ofisi ya Uhamiaji hapo Mwanza au kwingine. Viza za Emirates, yaani nchi iliyo na Dubai, ni za kielektroniki, hakuna kugongwa wala kubandikwa, kwa hiyo hana sababu ya kushika kitabu chako.

Kubadilisha viza ukiwa ndani kunawezekana, hapo hakukudanganya. Lakini anayebadilisha ni mwajiri aliyeomba kibali cha kazi kwa jina lako, na kabla kibali hakijatoka huruhusiwi kushika hata brashi. Ukikamatwa kazini na viza ya matembezi unarudishwa. Mwajiri naye anatozwa faini inayoanzia dirhamu 100,000, kwa hiyo mwenye karakana halali haweki mtu wa matembezi kwenye pleti. Siku 60 zikiisha hujabadilishiwa, deni linaanza kuhesabika, dirhamu 50 kila siku.

Sheria yao ya kazi ya 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Mwajiri wa kweli anakutumia ofa ya kazi iliyopita wizara yao ya rasilimali watu, ina namba ya muamala, na namba hiyo unaiangalia mwenyewe kwenye tovuti ya wizara. Unaisaini kabla hujasafiri, na mkataba wa baadaye hauruhusiwi kuwa chini yake. Muombe wakala namba hiyo leo. Huku kwetu muombe leseni ya uwakala wa ajira, kisha uihakiki kwa maofisa wa kazi mkoani.

Mama_Buswelu
Kaka yangu, samahani kwa kuingilia. Milioni 3 na laki 8 umezitoa wapi? Mama watoto anajua?

Fundi_Igogo
Dada, hayo ni ya nyumbani. Sijauza kitu. Hati ya kiwanja tunachoishi nimeiweka kwa mtu tu, nitaikomboa kwa mshahara wa kwanza na wa pili. Mke wangu anajua nasafiri. La hati sijamwambia kwa sababu ana presha.

Mama_Buswelu
Presha si sababu ya kumficha. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya familia huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzako. Maana yake huyo mtu uliyempa hati ana karatasi isiyo na nguvu mbele ya mke wako, lakini ana nguvu ya kuwasumbua wanao ukiwa mbali. Mwambie leo. Akilia, alie ukiwepo.

Na mshahara wa kwanza na wa pili haukomboi hati. Piga hesabu ya mwezi wa kusubiri kibali, ambao hulipwi.

Mwana_Mwaloni
Nilisema tangu mwanzo, vizimba.

Chuma_cha_Pua
Mimi nasema hii ni chai. Someni vizuri. Mleta uzi amelipa laki 3 na nusu za vipimo vya Ghuba. Emirates ukienda na viza ya matembezi hakuna anayekudai kipimo chochote. Kipimo cha ukazi kinafanyika kulekule, baada ya kuingia. Sasa alipima nini, wapi, na pasipoti ipi, wakati pasipoti iko kwa wakala? Halafu dirhamu 4,500 kwa mchomeleaji asiye na cheti, wakati matangazo ya kawaida ya wachomeleaji yanaanzia elfu moja na kitu. Nyuzi za namna hii nimezoea zinavyoisha: kesho mtu atatokea na namba ya "wakala mzuri", na mleta uzi atasema amefika salama. Wakuu tusipoteze muda.

Nyakato_DC
Hata mimi hilo la vipimo limenigonga. Fundi, jibu. Ulipima wapi?

Fundi_Igogo
Siyo chai. Ningekuwa natunga ningejitungia hadithi yenye heshima.

Sikupima. Mwaka 2019 niliugua TB, nikameza dozi miezi 6, nikapona, kadi yangu ninayo. Wakala aliponiuliza magonjwa nilimwambia ukweli. Akasema kwa kifua hicho njia ya viza ya kazi moja kwa moja ina usumbufu, twende na ya matembezi, na laki 3 na nusu ni ya kumaliza suala la vipimo. Nikaona ni msaada. Sikuandika mwanzoni kwa sababu nimepona, na watu wakisikia TB wanakukimbia hata hapa mtaani.

Zahanati_Igoma
Fundi, ahsante kwa kulisema. Umemaliza dozi, umepona, huambukizi mtu. Hilo lisikuinamishe kichwa popote.

Ila kwa safari yako hili ndilo swali kubwa kuliko umri na cheti. Ili upate ukazi Emirates utapigwa picha ya kifua, na huwezi kuikwepa kwa kuingilia mlango wa matembezi. Umeisogeza tu mpaka ukishavuka bahari. Kwenye picha hawaangalii kama unaumwa leo. Wanaangalia kovu. Muombaji mpya akikutwa na kovu la TB ya zamani amekuwa akihesabiwa hafai hata makohozi yake yakiwa safi. Aliyekuwa akiishi kule na anahuisha ukazi ndiye anayepewa nafasi ya uangalizi. Wewe ni mpya. Laki 3 na nusu haiondoi kovu, na mtu wa Mwanza hana ubavu kwenye mashine ya Dubai.

Si kila aliyeugua hubaki na kovu linaloonekana. Kwa hiyo kapige picha ya kifua hospitali ya Sekou Toure au Bugando, nenda na kadi yako ya TB, umwambie daktari wazi kwamba unataka isomwe kwa ajili ya ajira ya nje. Omba ripoti ya maandishi ya msomaji wa picha, na picha yenyewe kwenye sidii. Maneno ya mdomo "uko sawa" hayatoshi, maana anayekutibu anatafuta ugonjwa, wao wanatafuta alama.

Mwana_Mwaloni
Basi aende Oman, siyo lazima Dubai.

Zahanati_Igoma
Oman wanadai vipimo kabla ya kuondoka, kwenye vituo vilivyoorodheshwa tu, na picha ya kifua imo. Kwa sisi wa ziwani fomu ina hata sehemu ya kichocho kwenye choo na mkojo. Kichocho unameza praziquantel, kinaisha. Kovu la mapafu halina dawa. Tena kwenye mfumo wa nchi za Ghuba ukiandikwa hufai, nchi nyingine za mfumo uleule zinaliona. Ndiyo maana picha ya hapa nyumbani itangulie.

Chuma_cha_Pua
Nafuta neno chai. Pole fundi.

Fundi_Igogo
Sawa. Jumatatu naenda Sekou Toure. Lakini tiketi imeshakatwa, ninayo karatasi, na wakala anataka milioni 1 na laki 2 iliyobaki kesho jioni la sivyo nafasi inapewa mtu mwingine. Picha ikiwa safi nitakuwa nimepoteza nafasi. Naona nimalizie tu, majibu yatanikuta njiani.

Bandari_Kusini
Iangalie hiyo karatasi. Tiketi iliyolipiwa kwa kawaida ina namba yenye tarakimu 13. Kuwekewa nafasi tu kuna alama 6, herufi tupu au herufi na tarakimu, na nafasi hiyo inajifuta yenyewe isipolipiwa.

Fundi_Igogo
Nimeangalia kwa tochi mara mbili. Ina sita. Hakuna namba ndefu.

Bandari_Kusini
Basi hujakatiwa tiketi. Kesho usimpe hata shilingi. Mpigie asubuhi, usimwambie lolote la picha wala la uzi huu. Mwambie pesa ipo, ila unataka kuishika pasipoti yako mkononi kwanza. Nenda na mtu mzima mwingine, na stakabadhi zote za malipo, pamoja na ujumbe wa miamala kwenye simu, usiufute. Akikataa kukupa kitabu, kutoka hapo nenda moja kwa moja kituo cha polisi ufungue taarifa, kisha Uhamiaji. Pasipoti ni mali ya Serikali, yeye hana haki ya kuizuia kwa deni.

Mama_Buswelu
Huyo mtu mzima wa kwenda naye awe mke wako.

Fundi_Igogo
Nimemwamsha. Tunaongea.