IP ya kudumu au ya kubadilika? Nyumba ina DVR na printa (Ujiji)

Mgebuka_Mkavu
Wakuu, salaam. Nyumba ipo Ujiji, intaneti ni rauta ya laini ya 4G. Ndani kuna DVR (kinasa picha) ya kamera nne, printa ya waifai, laptopu mbili na simu kama saba. Kila umeme ukikatika na kurudi, printa haionekani kwenye laptopu, na DVR ya 192.168.1.104 haifunguki tena kwenye namba hiyo. Tunataka pia kuziona kamera tukiwa kazini Mwanga. Niombe IP ya kudumu (anwani ya mtandao isiyobadilika) kwa mtoa huduma? Malipo ya kila mwezi ningependa kuyakwepa.

Waya_Mweusi
Mkuu, umefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Kuna anwani za ndani ya nyumba, na kuna ile moja ya nje. Printa kuhamahama ni mambo ya ndani. Hata ukilipia IP ya kudumu leo, umeme ukikatika kesho printa itahama vilevile.

DHCP, huduma ya rauta inayovipa vifaa anwani, haizitoi za kudumu, inazikopesha, mara nyingi kwa saa 24. Rauta nyingi za bei ndogo hazitunzi orodha ya mikopo, kwa hiyo zikizima zinaanza daftari jipya. Simu zina betri, zinadaka waifai mara tu inapowaka. DVR bado inajivuta kuwaka, na ikifika inakuta 104 ina mwenyewe.

Dawa ni kuitengea kila moja anwani yake humohumo kwenye rauta. Fungua 192.168.1.1, ingia LAN, kisha DHCP, tafuta palipoandikwa Address Reservation au Static DHCP. Weka MAC ya kifaa (utambulisho wake wa kiwandani) na namba unayoitaka, tuseme printa 192.168.1.20, DVR 192.168.1.21, halafu DHCP igawe kuanzia 100 hadi 199. Rauta nyingine hukataa namba iliyo nje ya hizo inazogawa. Ikikataa, chagua ya ndani, haina shida. Angalizo: printa yenye tundu la waya huwa na MAC mbili, na watu hunakili ile ya waya kutoka kwenye kibandiko kisha wanashangaa. Chukua ya waifai.

Ukimaliza, zima na uwashe vifaa. Kwenye Windows iondoe printa na uiongeze upya kwa IP mpya, la sivyo itaendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani na kukuandikia Offline.

Kibirizi_Port
Naongezea upande wa nje. Kabla hujaomba chochote, fungua ukurasa wa Status wa rauta, soma WAN IP (anwani ya upande wa nje), kisha linganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuangalia IP. Zikitofautiana, na ya rauta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi uko nyuma ya CGNAT: wateja wengi mnatoka nje kwa anwani moja. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, baada ya hazina kuu ya IPv4 (aina ya anwani tunazozizungumzia) kuisha Februari 2011. Kwa laini za simu ndiyo kawaida.

Ukiwa huko, kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye rauta ni kazi bure. DDNS (jina linalofuata IP yako kila inapobadilika) nayo haikusaidii, jina litaelekea kwenye anwani ambayo si yako peke yako.

Mgebuka_Mkavu
WAN inaanza na 10. Halafu laptopu moja inasema kuna IP conflict. Hiyo 104 niliiandika mwenyewe ndani ya DVR mwezi uliopita.

Waya_Mweusi
Basi chanzo cha huo ugomvi ndicho hicho. Uliiandika namba ambayo rauta nayo inaigawa, vifaa viwili vikawa na namba moja. Irudishe DVR kwenye DHCP, kisha uitengee 21 kama nilivyosema.

Kibirizi_Port
Na kama uliiandika kwa mkono ukaacha gateway (njia ya kutokea nje) na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) wazi, ndani ya nyumba itafunguka ila nje haitoki.

Kwa kuziona kamera ukiwa Mwanga, washa P2P (kuunganishwa kupitia seva ya kampuni ya DVR) kwenye menyu ya Network ya DVR, iskani QR kwa programu yake. DVR ndiyo inayopiga hodi nje, hivyo CGNAT haiizuii. Chunga bando tu: tumia sub stream (picha ya ubora mdogo). Kwa 512 kbps kamera moja hula kama MB 230 kwa saa, zote nne zinakaribia GB 1. Na badilisha nywila ya kiwandani kabla ya kuwasha.

Swichi_ya_Gungu
IP ya kudumu ina maana ukiwa na seva nyumbani, au ofisi inayoruhusu kuingia kutoka anwani moja tu inayojulikana. Mwenye IP ya umma inayobadilika, DDNS inamtosha. Ila jamani, msifungue poti ya DVR moja kwa moja kwa dunia nzima, iwe 8000 au 37777. Zinapekuliwa usiku na mchana. Weka WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani), fungua UDP 51820 peke yake, uingie kamera kupitia humo.

Mgebuka_Mkavu
Printa imekaa kwenye 20. Nimechomoa rauta mara mbili, haijahama. P2P inasema Online. Asanteni wakuu.