Masta ya kufundisha Kiingereza: ni ya darasani au ya kutokea darasani?

Mleta mada, Arusha:
Wakuu, salaam. Siku hizi ofisi za walimu huku gumzo ni moja: nani anakwenda kusoma masta ya kufundisha Kiingereza kwa wanaojifunza kama lugha ya pili. Ukiuliza sababu, utaambiwa ni kuwasaidia wanafunzi. Tusidanganyane. Wengi tunaitaka ili tutoke darasani. Mji huu una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kampuni za utalii ndiyo usiseme. Wengine wanalenga vyuo, wengine inglishi midiamu zenye mshahara unaoeleweka. Siwalaumu. Ukishakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipa Bodi ya Mikopo, lazima utafute pa kupumulia.

Ila kama mwajiri ni Serikali na ndiyo iliyokupa ruhusa ya masomo, je, ulazimike kurudi kufundisha kidato cha kwanza kwa muda fulani? Mimi nasema ndiyo. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali kasoma miaka saba kwa Kiswahili, usanisinuru anauelewa vizuri tu, anafika shule ya kata anakuta baiolojia yote kwa Kiingereza. Zile wiki za mwanzo za kumvusha anapewa nani? Mara nyingi mwalimu mgeni, au yeyote mwenye vipindi vichache. Karibuni, matusi pembeni.

Mwalimu, Moshi:
Mkuu, masta hiyo ninayo, nimejilipia, na bado niko darasani. Nilichoka kusahihisha insha na kukuta makosa yaleyale kila muhula. Kozi ilinionyesha yanatoka wapi. Mwanafunzi anamwandika mama yake kama mwanaume kwa kuwa Kiswahili hakimdai achague jinsia anaposema "yeye". Huyo humchapi, unampa mazoezi ya kusikiliza na kusimulia mpaka azoee. Sasa nikiwa na darasa lililobanana hadi mlangoni, mazoezi hayo nayafanyaje? Daraja langu la mshahara nalo halijasogea hata hatua moja. Halafu unataka nilazimishwe!

Mzazi, Sakina:
Mnajadili vyeo vyenu. Mwanangu yuko kidato cha pili na hajawahi kuombwa aongee Kiingereza dakika mbili mfululizo.

Mwongoza watalii, Moshi:
Masta nyingi ni nadharia na tasnifu. Kuna CELTA ya Cambridge, cheti cha kufundisha Kiingereza, kozi ya saa 120, na ndani yake unafundisha wanafunzi halisi saa sita huku mkufunzi anakutazama. Halmashauri ingegharamia kitu cha namna hiyo, mwalimu angerudi kazini mapema.

Mleta mada, Arusha:
CELTA ilibuniwa kwa walimu wa watu wazima. Haikumlenga mtoto anayepambana na baiolojia, hesabu na jiografia kwa wakati mmoja. Nendeni Longido: nyumbani Kimaasai, shuleni Kiswahili, halafu Kiingereza ndiyo lugha ya tatu. Kumpangia mtoto huyo masomo kunataka mtu aliyesoma kwa kina jinsi lugha inavyoingia kichwani, tena anayejua lini amruhusu ajibu kwa Kiswahili kwanza. (Shule ambazo bado zinamwadhibu mtoto kwa kuongea Kiswahili zinanishangaza sana.)

Mwalimu wa Moshi nimekusikia. Basi narekebisha: miaka miwili tu, darasa ligawanywe, na daraja lipande siku ya kuripoti. Asiyetaka ajilipie, aende anakopenda. Ungekubali?

Mwalimu, Moshi:
Daraja waliandike kwenye barua ya ruhusa yenyewe, kabla sijaondoka. Hapo nasaini. Hilo la kugawa darasa sijui mtalipata wapi, maana vyumba vyenyewe havipo.