Ulisoma kitabu gani kabla ya kusafiri, na kilikufaa? Tupeane uzoefu

Mtembezi wa Mkomani (mwenye mada)

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Amu (yaani Lamu), Malindi na kwengineko. Kazi yangu ni kutembeza wageni mitaani hapa Amu. Mgeni akishuka botini kutoka uwanja wa ndege wa Manda, jicho langu huenda kwanza kwenye kitabu alichoshika, maana kwacho najua maswali nitakayoulizwa mpaka aondoke. Mwenye kitabu cha watalii cha zamani ataniuliza lile gari moja la kisiwani liko wapi, na huku pikipiki inampigia honi apishe njia. Aliyesoma historia atataka Ngome, nami nitamwambia ilijengwa kati ya 1813 na 1821, kisha tutakaa kwenye vita vya Shela hadi adhana ya alasiri. Aliyesoma riwaya huyo hana haja na Ngome kabisa. Anataka baraza, kahawa na watu wa kuwasikiliza.

Sasa nageuza swali. Sisi wenyewe tunaposafiri tunachagua vipi cha kusoma? Mimi hutazama mwaka wa kitabu kwanza, kisha nauliza kiliandikiwa nani. Kilichoandikwa na mwenyeji kwa wenyeji wenziwe nakitafuta kabla ya kingine chochote, hata kama ni cha mashairi na hakinambii basi linaondoka saa ngapi. Saa za basi utaambiwa stendi. Haya, leteni yenu.

Binti wa Malindi

Waaleikum salaam kaka. Mimi nilikwenda Unguja harusini, na kabla ya safari nilisoma viwili ambavyo havifanani hata kidogo. Cha kwanza ni kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Kilitoka kwa Kijerumani 1886. Anaeleza utoto wake katika jumba la Mtoni, uwanja umejaa tausi, swala na heroe, hamamu zimepangana, na watu karibu elfu moja chini ya paa moja. Cha pili ni Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, cha 1999, ambacho wengi wetu tunakijua.

Mtoni siku hizi ni magofu kando ya bahari. Mwenzangu ambaye hakusoma chochote alipiga picha akataka turudi mjini. Mimi nilibaki kwenye kuta za hamamu najaribu kuweka heroe mahali pao. Lakini kilichonifundisha mji ni Adam Shafi. Yasmin anapotoka kwa mume aliyeozwa akenda kukaa kwa Mwajuma Ng'ambo, unaelewa kwamba ile barabara kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo ilikuwa mpaka wa watu, si njia ya magari tu. Nilipoivuka kwa miguu niliwauliza wazee wa harusini habari zake, wakafunguka mpaka usiku. Bibi Salme anaona kila kitu kutoka ghorofani. Hilo si kosa lake, ndiko alikozaliwa. Ila ningesoma cha kwake peke yake ningerudi bila kuijua Ng'ambo.

Mlinda Magofu

Natoka upande wa Gede, kwenye magofu ya mji wa kale karibu na Malindi. Hapo kwenye mwaka wa kitabu, Mtembezi, umegonga penyewe. James Kirkman alianza kufukua Gede mwaka 1948, na 1954 akatoa kitabu alichouita mji wa Kiarabu wa Gedi. Vipimo vyake vya kuta, misikiti na visima bado vinatumika, na lile kaburi lenye tarehe ya Hijria 802, yaani 1399, ni maarufu. Lakini wataalamu waliokuja baadaye walishauacha ule mtazamo kwamba miji hii ilijengwa na wageni wenyeji wakitazama. Ni mji wa Waswahili uliokuwa ukifanya biashara na dunia. Bado napata mgeni aliyesoma kile cha 1954 peke yake, anasimama mbele ya mihrabu anaanza kunifundisha. Simkatizi. Namwacha amalize, kisha namuuliza kitabu chake kina umri gani. Tangu Gede iingie orodha ya Urithi wa Dunia 2024 wageni wa aina hiyo wameongezeka, na mimi nawafurahia kuliko wanaokuja kutafuta kima tu.

Bi Langoni

Mimi nina langu moja, na ni la kucheka. Anakuja dada kutoka ng'ambo, mpole kabisa, amesoma Utendi wa Mwana Kupona neno kwa neno. Ananiuliza kama mume wangu akilala humpepea. Mwanangu! Mwana Kupona alimwandikia bintiye 1858, naye mgonjwa, anamuusia mtoto anayemwacha nyuma. Mimi nina duka la vitambaa na mume wangu ana feni. Utendi ni hazina, nami niliufundishwa na nyanya yangu kwa sauti, lakini usije Amu ukadhani umetusoma sisi.

Maalim wa Faza

Bi Langoni umenikumbusha Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa karne ya 14. Nilimsoma kwa Kiarabu kabla ya kwenda Kilwa Kisiwani. Kwanza niwaondolee shaka wanaouliza kila mara: huku kwetu hakutaja. Mwaka 1331 alitoka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akaendelea Kilwa. Mombasa anasifu misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima vifupi mlangoni ambavyo mtu huteka maji kwa kata ya mbao akaosha miguu kabla ya kuingia. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayonifanya nimwamini.

Kilwa anamsifu Sultani Hasan bin Suleiman kwa ukarimu, hadi kisa cha masikini kutoka Yemen aliyemwomba nguo alizovaa akapewa. Juu ya nyumba, anasema ni za mbao. Basi nimefika Husuni Kubwa, kasri la sultani huyohuyo, vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane, vyote vya mawe ya matumbawe! Nikasimama pale nikijiuliza huyu bwana aliona nini. Jibu moja ni kwamba safari zake alizisimulia huko Fez zaidi ya miaka 20 baadaye, na mwandishi mwengine ndiye aliyezinukuu. Jengine ni kwamba watu wa kawaida yumkini waliishi katika nyumba za miti na udongo, na mji ni wao pia. Kitabu kinachogombana na unachokiona kwa macho ni kitamu. Nilimuuliza mzee aliyetuvusha kutoka Kilwa Masoko, naye akawa na maelezo ya tatu, marefu kuliko ya Ibn Battuta.

Mfanyabiashara wa Kahawa

Harar, Ethiopia. Nilisoma Richard Burton, msafiri Mwingereza, kitabu cha 1856. Alisafiri njiani amejigeuza mfanyabiashara wa Kiarabu, na mwaka 1855 akaingia mji huo akijitambulisha kuwa Mwingereza, akakaa siku kumi akiwa na hofu ya roho yake. Onyo: anatukana watu karibu kila ukurasa, Waafrika na Waislamu hawana pa kujificha. Nilichotaka kwake ni njia kutoka Zeila, bidhaa za sokoni na hali ya mji kabla Menelik hajauteka 1887, na hayo nilipata. Mengine niliruka.

Ukifika, kuta za Jugol, yaani mji mkongwe, zipo bado, misikiti 82 ndani yake, vichochoro kama vya kwetu, na usiku unapelekwa nje ya ukuta kuona fisi wakilishwa nyama. Wenyeji wanalijua jina la Burton kuliko nilivyotarajia, na wanamcheka.

Nahodha Mzee

Hivyo vitabu vyenu vyote vimezidi mzigo. Mimi nimekwenda Kismayu, Pemba na Mtwara bila ukurasa mmoja. Ukifika bandari unatafuta msikiti, baada ya sala unakaa. Kabla hujainuka umeshajua bei ya samaki, nani mkubwa wa mji na nani usimkopeshe. Kitabu gani kitakwambia la mwisho hilo?

Mtembezi wa Mkomani

Nahodha, tumekusikia, ila si kila mtu ana ulimi wako, wala si kila mji una msikiti. Na hata Waswahili wa zamani walisafiri wakaandika. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Msome anavyowashangaa wenyeji wa huko, utacheka kama wazungu wanavyotushangaa sisi. Nakala za zamani kama hizo mara nyingi ziko mtandaoni bure.

Mgeni wa Nairobi

Naomba kuongeza kabla mada haijafungwa. Nilikwenda Pate baada ya kusoma The Dragonfly Sea ya Yvonne Owuor, 2019, riwaya ya binti wa Pate anayepelekwa China. Ilinipa hamu, na ilinipa heshima ya maji. Nilipoambiwa boti haliwezi kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa njiani, mpaka maji yajae, sikununa kama wenzangu.

Lakini rafiki yangu mmoja wa Siyu alinisomea Al-Inkishafi botini, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wenye umri wa miaka mia mbili hivi. Majumba ya matajiri yamekuwa matupu, kwenye zidaka za sahani za kaure wamelala makinda ya ndege. Kesho yake nimesimama Pate kwenyewe, tumbaku imepandwa katikati ya kuta, na kidaka mbele yangu. Kama una muda wa kusoma kimoja tu kabla ya Pate, soma huo, na uusome na mtu anayeujua kwa sauti.

Mwana wa Matondoni

Mimi sina uzoefu, nina shida. Panapo majaliwa nakwenda Ngazija, Komoro, kwa jamaa wa mama, kabla ya kusi. Kila ninachokipata juu ya huko ni cha Kifaransa, nami sikisomi. Nataka kitu juu ya maisha ya watu, harusi zao kubwa hasa, maana ndiyo niendayo. Kiswahili, Kiarabu au Kiingereza, chochote. Maalim, una rafu nzima ya vitabu hapo nyumbani, hebu nitazamie. Nakuja Faza Alhamisi na boti la asubuhi.