Ua la zambarau la njia ya Kitulo: limekufa au limelala?

MamaWawili_Mby
Habari zenu wakuu. Mwezi wa tano mwishoni tulikuwa tunaenda msibani Matamba, tukapita njia ya Isyonje, sasa kule juu kabla hatujafika hifadhi ya Kitulo gari ikachemsha tukashuka, nikaona pembeni kwenye majani maua kama pareto vile ila petali zake zambarau iliyopauka, katikati njano, yamebaki machache tu. Mama mkwe akasema hiyo ni pareto pori. Nikachimba shina moja kwa kisu cha kumenyea viazi, nikalifunga kwenye mfuko, nimefika nalo Mbeya nikaliotesha kwenye ndoo ya rangi na namwagilia asubuhi na jioni. Wiki mbili likakauka lote. Nimekosea wapi, na ni ua gani hasa?

Mlimapareto
Shikamoo ya mama mkwe iko palepale ila hiyo sio pareto dada. Pareto yetu huku Umalila petali ni nyeupe, na asili yake wala sio hapa, ililetwa, kwao ni pwani ya Kroatia huko. Hilo lako ni asta ya pori, ni ukoo mmoja na pareto na alizeti, ndio maana vinafanana sura. Ukilitazama kwa karibu ile njano ya katikati sio ua moja, ni viua vidogo vidogo vimebanana, kila kimoja kinatoa mbegu yake.

chizi_maembe
Mnaenda Matamba mwezi wa tano, mmebeba makoti lakini 😂

KijanawaMatamba
Pole na msiba dada. Mimi nimekulia huku, ngoja nieleze. Maua haya hayafi kila mwaka kama mahindi, shina la chini linaishi miaka na miaka. Kitulo iko kama mita 2,600, mvua zikianza Novemba linachipua, linachanua na wenzake mpaka Aprili hivi, afu baridi ya Juni na Julai ikishuka na ile sakitu (umande ulioganda barafu) asubuhi majani yote juu yanakauka, hata moto ukipita haulimalizi maana uhai uko chini. Sasa wewe umelichimba Mei mwishoni, lilikuwa linajiandaa kulala, ukalikata mzizi (ule ni mnene unazama chini, kisu cha viazi hakifiki), ukalishusha Mbeya mjini mita 1,700 kwenye joto, na juu yake maji mara mbili kwa siku. Ndoo umeitoboa chini?

Na lingine, ukishaingia hifadhini hata jani moja huchumi, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na maua ndiyo yaliyofanya itengwe.

MamaWawili_Mby
Hapana sijaitoboa 🙈 Iko nyuma ya jiko, nilitaka kumwaga udongo nipandie vitunguu.

Mlimapareto
Usimwage kwanza! Toboa, acha kumwagilia, afu kwangua shina kwa ukucha pale linapoingia kwenye udongo, ukiona kijani ujue bado lina uhai. Sisi pareto tunagawa mashina tunapanda na linashika, ila lile lina mizizi mingi mingi, hili la mzizi mmoja halitaki kugawanywa. Ukirudi huko safari nyingine chukua vichwa vilivyokauka, nje ya hifadhi, vile vyenye manyoya ya kurushwa na upepo. Mwaga juu ya udongo, usifukie, nyunyizia tu.

MamaWawili_Mby
Ndaga fijo wote. Nimetoka kukwangua sasa hivi na tochi ya simu. Juu kumekauka kabisa linavunjika kama kijiti cha kiberiti, ila chini usawa wa udongo kuna kijani kidogo, kama uzi. Ndoo nimeshaitoboa kwa msumari wa moto, imetoa maji meusi yananuka hatari. Vitunguu nitatafutia ndoo nyingine.